Funda la Kwanza ni la Muuzaji

Mwanangu Furaha,

Umetoka saa nane kwenda Kawempe kumuaga bibi yako, na ukirudi jioni utanikuta mbele nimekwisha kufungua baa, nikicheka na watu ambao sipendi kucheka nao. Ndiyo maana nakuandikia sasa, jua lingali juu, nimekaa jikoni juu ya gunia la mtama na mlango nimeutia komeo. Barua utaikuta chini ya mto wako. Isome wakati mimi nipo na wateja, isome hata mara mbili, kisha itie kwenye sigiri uhakikishe imekuwa majivu. Kesho ukienda Nairobi kwa shangazi yako usivuke nayo mpaka. Wale wa Busia hupekua hata nywele za mtu.

Humu hutapata habari za sindano. Kuichemsha unajua, kupima dawa unajua kunishinda, na zile chupa mbili nimezifunga kwa kitambaa kibichi kama ulivyonionyesha wewe mwenyewe. Sina haja ya kukufundisha unayoyajua. Nataka kukuambia jambo usilolijua, ambalo nimelikalia miaka mitano kama kuku aliyekalia yai viza.

Baba yako hakuchukuliwa kwa siasa. Mimi ndiye niliyekuambia hivyo, na mtaa mzima ukasema hivyo, kwa kuwa siku hizi mtu akichukuliwa na wanajeshi watu hawaulizi zaidi. Lakini sivyo. Alichukuliwa kwa sababu yangu, kwa jambo nililoficha, na wewe sasa umeanza kuficha jambo lile lile.

Tulia kwanza, nikueleze tangu mwanzo.

Wewe umezoea kuniona hivi nilivyo, mifupa na kanga. Ulipokuwa mdogo nilikuwa mnene wa kupita mlangoni kwa ubavu. Wateja waliniita Mafuta Mingi, jina la wale waliopewa maduka ya Wahindi, nami nilikuwa na mabenchi sita tu na mitungi ya pombe ya ndizi aliyoipika baba yako. Nililipenda jina hilo, nisikudanganye. Hapa kwetu mtu mnene huheshimiwa, na mke mnene ni sifa ya mumewe. Baba yako, mkimbizi aliyekuja kutoka Kongo na shati moja, alikuwa akinitazama nikipita na sinia akasema kwamba sasa hata yeye ana mali.

Kisha kiu ikanishika. Nilikunywa maji nikaamka kwenda chooni, nikanywa tena, hata baba yako akatania kwamba nimegeuka mfereji. Nikaenda hospitali ya Mulago. Daktari aliyenipima alikuwa kijana mpole, alinieleza kila kitu taratibu, akachukua kadi aniandike. Aliponiuliza jina, nikasema naitwa Rosa.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lilitoka mdomoni kirahisi kuliko bismillahi. Unajua nilivyotoka kwetu. Babu yako wa Kawempe alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mjukuu wa watu waliokuja na misafara kutoka pwani. Nilipoolewa na Mkristo, tena mpika pombe, alitangaza kwamba nimekufa, akakaa barazani akapokea rambirambi. Pale hospitali nilifikiri: wakisikia Kawempe kwamba nina ugonjwa wa sukari watasema Mungu amemlipa. Nikaona heri augue Rosa. Nilirudi nyumbani na ile kadi nikaisukuma ndani ya godoro, na baba yako nikamwambia nimeambiwa ni uchovu. Sindano nilijichoma chooni. Miaka miwili, Furaha, nilijichoma chooni kila asubuhi na mume wangu hakujua.

Daktari alinitaka nifanye mambo mawili, nipunguze mwili na niache pombe. Alisema, “Mama, pombe nayo ni chakula. Inanenepesha kama ugali.” Hilo la kwanza ningeliweza. Hilo la pili lingenishinda hata ningekuwa mtakatifu, na wewe unajua kwa nini.

Tangu zamani muuzaji wa pombe huonja kwanza mbele ya mteja. Funda moja, anajifuta mdomo, anakabidhi. Ilikuwa adabu tu, kama kumkaribisha mgeni kiti. Wanajeshi waliposhika nchi wakaanza kuja kunywa kwetu, adabu ile ikageuka amri. Watu wale wanaogopana wao kwa wao kuliko sisi tunavyowaogopa. Sajenti, huyu huyu unayemjua, hakutaka funda, alitaka glasi nzima, kwa kila mtungi mpya na kwa kila meza. “Mama nakunywa kwanza,” anasema, “halafu sisi nakunywa.” Mpaka taa zinawashwa nilikuwa nimemeza glasi tano au sita. Ningemwambia nini? Muuzaji anayekataa kuonja pombe yake ameshajihukumu. Na kumwambia naumwa sikutaka, kwa sababu ya Kawempe, na kwa sababu nani ananunua pombe kwa mgonjwa?

Basi nikakaa nikajifanyia hesabu zangu. Daktari kasema pombe ni chakula. Vizuri. Kama nimekunywa glasi sita, nimekwisha kula. Nikaacha chakula cha jioni. Baba yako akileta ugali na maharage nasukuma sahani, nasema nimeshiba. Chakula cha mchana nacho nikakipunguza, maana nilijua jioni nitakuja kushiba pombe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu siku zile zilikuwa haba.

Ubaya ni kwamba ilifaa. Nilikwenda kwenye mashine ya unga nikapanda mizani ya magunia, na kila mwezi nilikuwa nimepungua. Daktari alifurahi, akasema, “Rosa, umejitahidi.” Sikumwambia nilivyojitahidi. Angejua angenikataza. Aliniusia pia nikiona jasho la ghafla na kutetemeka nilambe sukari upesi, nami nilikuwa na sukari kidogo ndani ya karatasi, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Ndipo sukari ikapotea madukani. Siku moja alikuja mgeni wa baba yako kutoka kwao, nikaona aibu kumpa chai isiyo na sukari, nikafungua pindo nikamkorogea. Sikuijaza tena.

Leo najua kilichokuwa kinanitokea, muuguzi alinieleza baadaye nilipokwenda kwa jina langu. Sindano inaishusha sukari ya damuni. Tumbo tupu haliiongezi. Na pombe inalizuia ini lisitoe akiba yake ya kukuokoa. Mambo matatu yananivuta chini, nami najisifu kwamba napungua. Na mtu sukari ikimshuka hana tofauti na mlevi, anatetemeka, anapayuka, anaanguka. Baa ni mahali pabaya kuliko pote pa kuanguka hivyo, kwa sababu hakuna atakayeshtuka.

Lakini siku ile walishtuka.

Wewe ulikuwa shuleni bwenini. Ilikuwa kama saa kumi na moja jioni. Baba yako kaleta mtungi mpya, Sajenti na wenzake wanne wamekaa. Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu uji wa asubuhi. Nikaonja kwenye meza yao, nikaonja meza ya pili, nikarudi kwao na mtungi. Nikaona mikono inacheza, jasho linanitiririka mpaka machoni. Nikanywa glasi ile mbele yao. Kabla sijaiweka chini, magoti yakaniacha.

Jambo hili hakuna aliyeliamini, lakini nilikuwa nasikia. Niko sakafuni, mdomo hautaki kunitii, na masikio yanafanya kazi. Nilisikia benchi likianguka. Nilisikia Sajenti akisema sumu, mwenzake akisema sumu, na watu wakikimbilia nje. Kisha nikasikia wakimuuliza mpishi ni nani.

“Ni miye,” baba yako akasema. “Lakini miye sijue kitu. Pombe ni ile ya siku yote.”

“Mbona mama naanguka?”

“Sijue. Bibi yangu hana ugonjwa. Hajagonjwa hata siku moja.”

Alikuwa anasema kweli, Furaha. Kweli yake, ile niliyompa mimi. Alikuwa ananitetea kwa uongo wangu na uongo wangu ukamfunga kamba. Nilijaribu kusema neno moja, sukari, neno moja tu, likatoka kama kikoromo cha mlevi. Nilisikia wakimpakia garini, na gari likiwashwa. Hapo nililia bila machozi, kama yupo anayeweza kuelewa kilio cha namna hiyo.

Aliyeniokoa ni Nalongo, jirani yetu muuza mkaa. Aliingia watu walipokimbia, akaona mwenzake amelishwa sumu anakata roho. Kwao wanaamini kitu kitamu hutapisha sumu, basi akachota yale maji ya ndizi aliyoyakamua baba yako asubuhi, yakiwa bado matamu hayajachacha, akanimiminia mdomoni kwa kata huku akiomba Mungu. Haikupita robo saa nikaketi nikauliza mume wangu yuko wapi. Nalongo akadhani dua yake imejibiwa. Mimi nilijua, na nilitamani nisiamke.

Asubuhi nikachana godoro, nikatoa kadi, nikaenda kambini kwa wanajeshi. Nilifikiri nina ushahidi. Nilingoja langoni mpaka mchana, Sajenti akatoka. Nikamwambia mume wangu hana kosa, mimi nina ugonjwa wa sukari, ndio ulioniangusha, kadi hii hapa. Akaisoma polepole.

“Hii ya nani?”

“Yangu.”

“Wewe naitwa Rosa?”

Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikinuka uongo. Akanirudishia ile kadi kama mtu anayerudisha kitu kichafu.

“Miaka mbili wewe nakunywa mbele yetu,” akasema. “Siku moja hakuna kusema mgonjwa. Leo bwana yako iko ndani, ndiyo wewe mgonjwa?”

Nilichukia sare yake na bunduki yake, lakini swali lake lilikuwa la haki. Nilikimbia Mulago nikamlete daktari anishuhudie, nikaambiwa amekwisha kuihama nchi, kama walivyokuwa wakihama wasomi wote. Nilimwendea Nalongo, akasema anachojua yeye ni kwamba nilipewa sumu akanitapisha. Nilikuwa na ukweli mkononi na hapakuwa na mtu wa kuniamini, kwa sababu nilikuwa nimehakikisha hakuna ajuaye. Nilirudi langoni mara mbili. Mara ya tatu waliniambia nisije tena, na kwa namna walivyoniambia nilifahamu kwamba nikirudi nami nitaingia ndani.

Kuna ile methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Nilifundishwa chuoni nikiwa na miaka saba. Lakini kwangu haikuwa hivyo. Kifo hakikuniumbua mimi, kilimchukua aliyekaa karibu nami. Au labda hakikumchukua. Sijui, na hilo ndilo linaloniweka hapa.

Sajenti alirudi baada ya siku kumi. Akakaa benchi lile lile, akasema mama nakunywa kwanza. Nikanywa. Wewe uliporudi likizo ulinishangaa, ukaniuliza nawezaje kuwauzia watu waliomchukua baba, nami nikakukemea. Sasa nakujibu. Sajenti aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba nikifunga baa, basi ilikuwa sumu. Nikihama, ilikuwa sumu. Kila glasi ninayokunywa mbele yake ni kiapo kwamba baba yako hakuwa na hatia, na siku nitakayoacha kuapa nitakuwa nimemtia hatiani, kama bado yu hai huko aliko. Nimejifunza kula kabla, kuishusha glasi chini na kuimwaga pombe iliyobaki kwenye ndoo, kulowesha midomo tu wakiwa wameshalewa. Lakini siwezi kutoka. Na akirudi akute mlango una kufuli? Nalongo huniambia hatarudi. Ni rahisi kwake, si yeye aliyemfunga.

Sasa nije kwako.

Mwaka jana ulipoanza kukonda na kumaliza mtungi wa maji peke yako, nilijua kabla ya daktari. Nilikwenda nawe nikasimama nyuma yako mpaka ulipotaja jina lako, ukashangaa kwa nini nakushika bega vile. Kisha njiani ukanisihi nisimwambie mtu. Ulisema, “Mama, wakijua nani atanioa?” Nami, mjinga nisiyekoma, nikakuahidi.

Halafu mwezi uliopita Sajenti akakuona umekua. Akasema leo mtoto nakunywa kwanza. Nilicheka, nikasema huyu hajui pombe, akasema atajua. Siku ya kwanza ulikunywa ukaja jikoni ukatapika. Siku ya pili hukutapika. Siku ya tatu nilikuwekea ndizi na mchuzi wa karanga, chakula unachokipenda kuliko chochote, ukaisukuma sahani ukasema, “Nimeshiba, Mama.”

Furaha, nilihisi kama nimepigwa kofi na mtu nisiyemwona. Neno lile lilikuwa langu, na mkono ulioisukuma sahani ulikuwa wangu. Najua tangu sindano zikurudishie mwili umekuwa ukijifinya kiuno mbele ya kioo. Najua muuguzi alikuambia uangalie uzito, na alisema vizuri. Najua hesabu uliyoipiga, glasi ile iwe badala ya chakula. Wala sikukufundisha. Umeirithi kama ulivyorithi pua yangu. Usiku ule niliamua utaondoka.

Pombe sikukatazi. Ningekukatazaje mimi niliyekusomesha kwayo? Utakuwa mtu mzima Nairobi, utaenda arusini, utapewa glasi. Mimi nakuomba usiinywe ukiwa na njaa, na usiihesabu kuwa chakula, hata kama kuna mtu msomi kakuambia ni chakula. Ukitaka kupungua, pungua kwa miguu yako na kwa sahani ndogo ya kila siku. Usipungue kwa kuruka. Na kabla ya funda la kwanza awepo karibu yako mtu mmoja anayejua.

Hapo sasa ndipo utakaponikasirikia. Ahadi yangu nimeivunja. Wiki tatu zilizopita nilimwandikia shangazi yako, nikampa dereva wa lori barua mkononi. Nilimwambia una ugonjwa wa sukari, nikamwambia unavyoonekana ukizidiwa na akupe nini. Kisha kalamu ikakataa kusimama, nikamwambia na habari ya kaka yake, yote, kama nilivyokuandikia wewe. Nisingeweza kumpa mtoto wa kaka yake amlee huku nimemficha nilivyompoteza huyo kaka.

Jibu lilikuja Jumanne. Karatasi nzima ina maneno mawili, mlete mtoto. Hakuweka salamu. Sisi hata mtu anayetaka kukushtaki hukuandikia kwanza u hali gani. Niliigeuza ile karatasi upande wa pili nikitafuta, nikaona aibu ya kutafuta. Ni haki yake. Ukifika usinitetee. Akiniita muuaji nyamaza, na kama wewe nawe unaniita hivyo moyoni, nimekupa sababu, sitakuomba uharakishe kusamehe.

Sajenti nimemwambia unakwenda kwenye arusi na utarudi Jumatatu. Jumatatu atauliza. Nitakunywa kwanza, halafu nitamjibu. Ninaogopa, nisijifanye shujaa. Lakini hofu hii ni yangu mwenyewe na nimeizoea, ile ya kukuona wewe ukianguka kwenye sakafu ile siiwezi.

Jambo la mwisho, na nakuonya mapema usije ukanivuta kanga. Kesho tukifika kituoni utapanda basi, utakaa dirishani, utataka niage kimya kimya kama watu wengine. Sitaaga hivyo. Pale kituoni wachuuzi wengi ni wa Kawempe, wananijua nilivyozaliwa, na lisemwalo pale asubuhi adhuhuri liko kwa bibi yako. Nitamwita konda mbele ya abiria wote. Nitamwambia binti huyu ana ugonjwa wa sukari, mkimwona anatetemeka au anaongea ovyo msiseme amelewa, mpeni kitu kitamu upesi. Watageuka wote wakutazame, na wewe utataka ardhi ipasuke. Vumilia tu, kwa maana hawatakutazama wewe kwa muda mrefu. Nitakuwa sijamaliza. Nitawaambia ameurithi kwangu.

Mama yako